Mlinzi Niliyemfungia Mlango

Tulipomaliza matanga ya Tantine Sifa, wanawake wa kanisa walikaa sebuleni kwake, ghorofa ya kumi na moja, Thorncliffe Park, wakagawa vitu vyake. Sufuria zilikwenda kwa wenye watoto wengi, vitenge kwa wenye mwili kama wake, na viatu kwa yeyote ambaye mguu wake ungekubali. Mimi ni mzee wa kanisa, kwa hiyo niliombwa nifunge kwa sala, na baada ya sala nikapewa kofia ya sufu ya kijivu aliyoifuma mwenyewe zamani. Nje ilikuwa inanyesha ile theluji ya maji maji. Nikaivaa kwenda kituo cha basi. Ilipolowa ikatoa harufu ya vumbi, nyasi kavu na jasho la mnyama, na miguu yangu ikakataa kusogea. Basi likaja, likafungua mlango, likanisubiri kidogo, likaenda zake.

Siku za harufu ile nilikuwa na miaka tisa. Papa na mimi tulifika Toronto wawili tu. Siku ya kuvuka ziwa tulipotezana na Mama, na habari zilipotufikia kwamba yu hai, kambini upande wa Kigoma, karatasi zetu zilikuwa zimekwisha kuandikwa kwa majina mawili. Kumwongeza mtu wa tatu kwenye karatasi ni kazi ambayo wengi wenu mnaijua. Watu wa uhamiaji waliandika barua, wakataka picha za harusi, wakauliza maswali yale yale kwa njia nyingine ili waone kama jibu litabadilika. Papa alikuwa akisema kwa upole kwamba wao wametumwa kushuku, tusiwachukie. Mimi nilijifunza kitu kingine: kwamba hapa watu wazima hawakuamini mpaka wachunguze. Nikaanza kuchunguza na mimi.

Kabla ya vita Papa alikuwa mfugaji wa kondoo katika milima iliyo juu ya Uvira. Hapa alifanya kazi kwenye kiwanda cha makaratasi ya kufungia mizigo, na Jumamosi tulikwenda kwa Bwana Walter, mzee mjane wa kanisa lililotupokea. Alikuwa na shamba la kondoo mbele ya Markham, mahali nyumba zinapokwisha na mahindi yanaanza. Papa alimsaidia kukata kwato na kutengeneza ua. Hakuwa na Kiingereza, naye Bwana Walter hakuwa na Kiswahili, hivyo mimi ndiye nilikuwa mdomo wa wote wawili. Nilisimama katikati yao na koti langu la msaada lililofika magotini, nikipokea maneno huku na kuyatoa kule.

Majira ya kuchipua, Bwana Walter alimpa Papa mwanakondoo jike kwa ajili ya msaada wake. Papa alimbeba, akamwinua kidogo kama tunavyoinua sadaka, akaweka nadhiri palepale kwamba siku Mama atakapokanyaga nchi hii, kondoo huyu atachinjwa, na wote waliotuombea watakula. Kwao Papa mnyama wa nadhiri haachwi bila alama. Hufungwa shingoni kipande cha nguo ya yule anayeombewa, na asiyefungwa, wazee wake walisema, ni nyama tu kama nyama nyingine.

Nguo ya Mama tuliyokuwa nayo ni moja, kitenge cha manjano chenye ndege wa buluu alichonifunika nacho siku ile ya kuvuka ziwa. Nilikuwa nalala nacho. Tantine Sifa ndiye alikuja na mkasi.

"Kipande kidogo tu, Riziki mtoto wangu," alisema.

Mimi sikuwa mtoto wake. Nilitazama mkasi ukipita katikati ya ndege mmoja, mkia ukabaki huku na kichwa kikaenda kule, na tangu hapo nikamweka Tantine Sifa katika hesabu ya watu wa kuchungwa.

Sasa naweza kusema alikuwa nani. Alikuwa mjane wa Bukavu, aliyekaa ghorofa mbili juu yetu, akiwatunza vikongwe majumbani kwao huko Markham. Alikuwa na leseni na gari kuukuu ambalo mlango wake mmoja ulifunguka kwa ndani tu. Ndiye aliyetupeleka shambani kila Jumamosi, akapika sombe yetu ya majani ya muhogo, akasuka nywele zangu huku akinikandamiza kati ya magoti yake nisitoroke. Wakati huo mimi nilijua mambo mawili tu: amekata nguo ya Mama, na wanawake kanisani hunyamaza anapokaribia. Mmoja wao, akinifunga vifungo vya koti baada ya ibada, aliniuliza kwa sauti tamu kama Tantine huondoka kwetu mapema au huchelewa. Nilisema sijui. Lakini kuanzia jioni ile nikawa natazama saa. Kila siku aliondoka mara tu sahani zilipokauka. Hata hilo nilishuku. Niliona ni mtu anayejua kwamba anatazamwa.

Mama alituma sauti yake kwenye kanda, kwa mkono wa mtu aliyekuwa anasafiri. Tuliisikiliza sote watatu, Papa, Tantine na mimi, redio ikiwa juu ya meza. Nyuma ya sauti yake palikuwa na jogoo na mtu aliyekohoa. Alitusalimu kwa jina, akaomba, kisha akacheka kidogo. "Na yule kondoo wangu, anakua? Mchungeni vizuri. Nakuja kumla."

Hapo nikaelewa, na hakuna mtu aliyenieleza. Kondoo na Mama walikuwa wanakuja pamoja. Kondoo akinenepa, Mama anakaribia. Kondoo akipatwa na jambo, na Mama je? Sikumaliza swali hilo kichwani, lakini nililala nalo.

Jumapili moja ya mwezi wa tisa mwalimu wetu wa shule ya Jumapili alitufundisha juu ya waongo wanaoingia kundini wamejifunika sufu ya kondoo. Alikuwa na kondoo wa karatasi na pamba, na chini ya mmoja alikuwa ameficha mbwa-mwitu mwenye meno. Alipomfunua tulipiga kelele. Nikamuuliza tutamjuaje. Akasema, tazama matendo yake, tazama kwa makini. Bado namheshimu mwalimu yule, nami mwenyewe nimefundisha somo hilo mara nyingi. Siku hizi husubiri watoto waniulize maswali yote kabla sijawaruhusu kwenda nyumbani.

Jumamosi iliyofuata tulifika shambani, na katikati ya kondoo amesimama kitu chenye sufu ambacho si kondoo.

Shingo yake ilikuwa ndefu kama mti wa ufagio. Masikio yalipinda kwa ndani mithili ya ndizi. Macho makubwa yenye kope za mwanamke yalitutazama mmoja mmoja, taratibu, na mdomo ukasogea upande huu na upande ule bila kusema kitu.

"Ona huyu," Tantine Sifa alisema, ameshika kiuno. "Kama shemasi wetu akipokea sadaka ya sarafu."

Papa alicheka mpaka akafuta macho. Mimi sikucheka. Bwana Walter akaja, akamgonga mnyama begani na kuniambia nimweleze baba yangu kwamba huyu anaitwa lama, jamaa ya ngamia kutoka milima ya Amerika Kusini, na jina lake ni Kapteni. Koyote, wale mbweha wakubwa wa huku, walikuwa wamemchukulia wanakondoo wawili. Mbwa wa ulinzi angebwekea majirani, lakini lama mmoja akiwekwa peke yake na kondoo huwafanya ndugu zake. Huwalinda mchana na usiku, na koyote akija humkimbilia na kumpiga mateke. Nilitafsiri yote kama nilivyopewa. Papa alisikiliza, akazunguka mnyama kwa mbali, akauliza swali moja.

"Muulize, meno yake yakoje?"

Niliuliza. Bwana Walter alisema anakula nyasi. Nilipeleka jibu kwa Papa, na moyoni nikaongeza kwamba hata yule wa karatasi, ukimtazama juu, alikula nyasi.

Miezi miwili nilimchunguza Kapteni. Alisimama mahali pa juu kuliko wote na kuwatazama kondoo kana kwamba anawahesabu. Alitoa mguno mdogo puani, mmm, mmm, kama mtu anayepanga jambo peke yake. Kondoo walimfuata popote, na hilo lilinitisha kuliko yote, maana niliambiwa waongo hufuatwa. Papa alipomkaribia kondoo wa nadhiri, Kapteni alilaza masikio, akainua pua, akamtemea mate ya kijani yaliyochachuka. Tantine Sifa alimsafisha Papa shati kwa leso yake. Nikawatazama wote wawili, lama na Tantine, na sikujua nimchunge yupi kwanza.

Kisha mwezi wa kumi na moja nikapata ushahidi. Tulifika asubuhi, baridi imeganda juu ya nyasi, na Kapteni alikuwa na damu kifuani. Damu iliyokauka, nyeusi, imeshikamana na sufu. Bwana Walter alifurahi, aliniambia nimweleze Papa kwamba usiku koyote alikuja, na Kapteni amemfukuza, na kondoo wote wapo. Nilitafsiri. Lakini nilijiuliza ni nani aliyeona. Shahidi alikuwa mmoja tu, naye ndiye mshitakiwa. Na alasiri, nikiwa nimesimama kwenye ua, nilimwona Kapteni anatafuna kitu cha manjano. Ilikuwa alama yetu. Ilikuwa imelegea shingoni mwa kondoo na kuanguka, au yeye aliivuta, sijui mpaka leo. Nusu ya ndege wa buluu ilining'inia kwenye mdomo wake.

Nilipiga mayowe. Papa akaja, akakivuta kitambaa taratibu, akakisuuza, akamfunga kondoo tena kwa mafundo mawili. "Kitambaa ni kitambaa, Riziki," alisema. "Mungu hamsahau mama yako kwa sababu ya kitambaa." Aliporudi kwenye kazi yake niliona kwamba amedanganywa kama wengine wote, na kwamba nimebaki mimi.

Siku ile Bwana Walter aliondoka mchana kwenda kwa bintiye, akamwachia Papa shamba, naye angerudi kiza kimeshaingia. Papa alikuwa upande wa mbali wa ua na nyundo yake. Tantine alikuwa ndani ya gari anasinzia baada ya wiki ya kazi. Nilichukua ndoo ya shayiri, nikaitikisa kama nilivyomwona Bwana Walter akifanya, nikamwongoza Kapteni mpaka kwenye banda la zamani la maziwa. Aliingia kwa adabu, akiinamisha shingo mlangoni. Nilifunga, nikasukuma komeo. Mguno wake nikausikia nyuma ya mbao, mmm, mmm, na nakumbuka nilihisi amani, ile amani ya mtu aliyetimiza wajibu. Tulipopita getini jua likizama, kondoo walikuwa wamesimama wameelekea bandani, wote, hata wetu.

Simu ililia kesho yake tulipotoka ibadani. Niliipokea mimi, kama kawaida. Bwana Walter alisema kwa kifupi kwamba afadhali tuje.

Walikuwa watatu, chini ya turubai la buluu, wanakondoo wawili na jike mzee mmoja. Bwana Walter alilifunua upande mmoja tu, akitazama uso wangu, akataka kulishusha haraka, lakini nilikuwa nimekwisha kuona manjano shingoni mwa mwanakondoo mmoja. Mafundo mawili ya Papa yalikuwa hayajafunguka. Kapteni alikuwa amesimama karibu na kondoo waliobaki. Magoti yake yalikuwa yamechubuka hadi nyama, na ubao mmoja wa mlango wa banda ulikuwa umepasuka kutoka ndani. Bwana Walter alinionyesha mahali alipopiga mateke. Alisema alfajiri alimkuta ameingiza shingo kwenye ule ufa, na hakuweza kupita.

Papa alivua kofia. Halafu Bwana Walter akanigeukia, bila hasira, kwa uchovu tu. "Muulize baba yako kama yeye ndiye alifunga lile banda."

Niliuliza. Sikubadilisha neno hata moja, na mpaka leo namshukuru Mungu kwa hilo, maana ningeweza.

Papa alifikiri. Alitazama banda, alitazama mikono yake. "Sikumbuki kulifunga," alisema. "Lakini shamba aliniachia mimi. Mwambie kama ni mimi, anisamehe. Na kama hataki nije tena, nitaelewa."

Nilikuwa na jibu lake mdomoni, zima, tayari kutolewa. Kama ningelitoa, Papa angekuwa ndiye mwenye kosa. Lingekuwa kweli, ni maneno yake mwenyewe. Bwana Walter alisubiri. Nyuma yangu Tantine Sifa alikuwa amesimama na blanketi alilolileta kunifunika.

"Ni mimi," nilisema, kwa Kiingereza. "Nilidhani ndiye anayewaua. Nilimfungia ili kondoo wetu apone."

Kwa Kiingereza ilikuwa rahisi. Sikuwa nimepigwa, kubembelezwa wala kuombewa kwa Kiingereza, maneno yake yalikuwa mepesi kama sarafu za nchi ambayo hujui thamani yake. Bwana Walter alinitazama kwa muda mrefu. Akauliza, "Baba yako anajua?"

"Hapana."

"Basi hilo sitaweza kumwambia mimi. Sina lugha yake."

Papa aliniinamia. "Anasema nini?"

"Anasema amesikitika sana," nilisema. Na kweli alikuwa amesikitika.

Tantine Sifa alinizungushia blanketi mabegani. Mikono yake ilikaa pale kidogo zaidi ya ilivyohitajika. Ndipo nikakumbuka kwamba kila siku ya juma yeye huongea na vikongwe wa Markham, anawaogesha, anawasikiliza, na hakuna hata mmoja wao ajuaye Kiswahili. Alikuwa ameelewa kila neno.

Ndani ya gari nilikaa nyuma, nikimngoja amwambie Papa. Nilijua atamwambia. Mtu wa kuchungwa akipata siri yako, ataitumia. Papa mbele alikuwa ameshika mkononi kile kipande cha kitenge, kimekakamaa kwa damu. Mimi nilikuwa nahesabu hesabu yangu: kondoo amekufa, kwa hiyo Mama haji, na aliyemzuia Mama ni mimi. Kumwambia Papa habari ya komeo kulikuwa kumwambia hayo yote, kwa lugha ambayo Mama alinifundishia kusema maji na mkono na samahani.

Tantine hakusema kitu. Alinitazama mara moja kwenye kioo, akarudisha macho barabarani. Kisha, badala ya kuingia barabara kuu, akapita juu ya daraja lake na kushika njia ya Agincourt, ile ya maduka, yenye taa kila baada ya hatua chache.

"Mbona leo tunapita huku?" Papa aliuliza.

"Kule magari ni mengi, Papa Riziki," alisema.

Taa nyekundu. Taa nyekundu tena. Alikwenda polepole hata waliotufuata wakapiga honi, naye akawaacha wapite. Mabango ya maduka ya vyakula yalipita, samaki wa rangi, herufi za Kichina, duka la mikate. Kwenye taa ya nne au ya tano nilisema.

"Papa, lama nilimfungia mimi. Mama haji tena kwa sababu yangu."

Papa aligeuka na mwili wote, mkanda ukamkaba. Hakuelewa nusu ya kwanza mara moja, lakini ya pili aliielewa, na ndiyo aliyoijibu.

"Nani alikwambia Mama anakuja kwa kondoo?"

Hakuna aliyeniambia.

"Nadhiri ni shukrani. Anashukuru aliyekwisha kupewa," alisema. "Mungu si mtu wa ofisi, mwanangu, kwamba karatasi moja ikipotea anafunga faili." Akakitazama kile kipande cha kitenge. "Lakini wale kondoo wa mzee wamekufa kweli. Jumamosi utamwomba msamaha tena, mimi nikisikia."

Nikalia, kwa Kiswahili. Taa ikawa kijani. Tantine akakanyaga mafuta, kwenye kona iliyofuata akarudi barabara kuu, na tukafika nyumbani upesi.

Majira yale yote ya baridi nilimbebea Kapteni maji. Hakunisamehe. Kila aliponiona alilaza masikio, na siku mbili alinipata kwa mate sawasawa. Magoti yake yalipona. Bwana Walter alimpa Tantine mfuko wa sufu aliyoichana kwa Kapteni, naye akafuma kofia hii akiwa amenikandamiza kati ya magoti, sindano zikigonga juu ya kichwa changu.

Mama alikuja mwezi wa tatu. Hatukuwa na kondoo wa kuchinja. Tulikula sombe na samaki, sote tulioombewa na tulioomba, na nadhiri Papa aliitimiza mwaka uliofuata. Mama alikunjua kitenge chake, akaona pengo, akauliza ni nani aliyekata. Kabla Tantine hajafungua mdomo nilisema kilikatwa kwa ajili yake, na aliyekata ametutunza.

Miaka mingi baadaye, nikiwa nimeshakuwa mama, nilimuuliza Tantine kwa nini siku ile alipita Agincourt. Alisema hakumbuki, labda kweli kulikuwa na magari. Lakini mimi nilikuwa mtoto wa kuchunguza kila kitu. Tulipovuka lile daraja niliitazama barabara kuu chini yetu, upande mmoja na upande wa pili. Ilikuwa tupu.